Umeniandika nini?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, nafundisha Kiswahili, nina miaka 41, nimeolewa na nina watoto wawili. Nakuandikia kwa sababu ya hadithi fupi. Mume wangu anasema hadithi si jambo la kumsumbulia mtu, lakini hii imeshanigombanisha na kaka yangu, na sasa imefika kwa mama.

Tumezaliwa watatu. Kaka ndiye mkubwa, yuko Muscat, huu ni mwaka wake wa kumi na tano. Mimi nafuata. Mdogo wetu wa kiume yuko Dar, bado anahangaika na maisha. Mama ana miaka 73, anakaa Tanga kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba. Asubuhi huja binti wa kumsaidia kazi, alasiri huondoka. Mwaka juzi mama aliteleza uani akaanguka, akawa pale chini tangu adhuhuri mpaka jirani aliposikia sauti yake. Hakuvunjika, Alhamdulillahi, ila kaka hakupata usingizi. Alipokuja likizo alifunga kamera tatu: uani, jikoni na sebuleni. Akanunua na kifaa kidogo cha kuweka mezani, akakitia sauti yake. Kila saa 2 asubuhi na saa 2 usiku kinasema, "Mama, shikamoo. Dawa ya presha umekunywa?"

Picha za kamera tunaziona sote watatu kwenye simu. Mwanzoni nilimshukuru sana kaka. Kisha nikaona kitu kinabadilika. Zamani alikuwa anampigia mama kila siku akitoka kazini. Sasa ukimuuliza habari za mama anakwambia, "Nimemwona, hajambo." Mdogo wetu naye hivyo hivyo. Kwenye grupu la familia tunatumiana picha zilizokatwa kwenye kamera, leo mama amevaa dera jipya, leo mama anachambua mchele, na siku hiyo nzima hakuna hata mmoja wetu aliyeongea naye.

Usiku mmoja nilifungua kamera ya sebuleni. Ilikuwa saa 2. Kifaa kikauliza swali lake. Mama akajibu, "Marahaba, baba. Nimekunywa. Na wewe umekula?" Akanyamaza, kama mtu anayesubiri. Kisha akasema, "Haya," akazima taa.

Nililia, Mama Mshauri. Sikumpigia simu. Nilikaa mezani nikaandika mpaka saa 9 usiku.

Hadithi yenyewe nimeiambatanisha uisome. Kwa kifupi, ni mwaka 2090, kijana anafanya kazi kwenye migodi ya Mwezini, na nyuma amemwachia mama yake nyumba inayosema kwa sauti yake. Kazi zikimzidi anairuhusu nyumba imjibie mama yenyewe. Kijana anafia mgodini. Nyumba haijaambiwa. Inaendelea kuuliza dawa, na mama anaendelea kuuliza kama amekula. Mama hajui.

Mhariri mmoja anayekusanya hadithi za kubuni za kisayansi kwa Kiswahili ameipenda, na mkataba natakiwa niurudishe mwisho wa mwezi. Hadithi za namna hii kwa lugha yetu si nyingi. Nikiwatajia wanafunzi wangu Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, wananiuliza nyingine iko wapi, nami nababaika. Kwa hiyo nilifurahi, nikamtumia mdogo wangu. Yeye kwa furaha yake akaitupa kwenye grupu.

Kaka alituma sauti ya sekunde 11: "Kwa hiyo mimi ndiye mashine." Akajitoa. Fedha za matumizi ya mama zimeingia tarehe 28 kama kawaida. Wifi ananijibu salamu, basi.

Mama naye kasikia, sijui kwa nani. Alinipigia akaniuliza, "Umeniandika nini?" Nikamwambia ni hadithi tu mama, mambo ya mwaka 2090. Akasema, "Basi njoo unisomee, macho yangu hayaoni maandishi madogo." Nimeahirisha safari mara tatu. Siku mbili baada ya simu ile nilifungua kamera ya sebuleni nikaona maua tu, mekundu na meusi. Mama ametundika kanga juu yake, na iko hapo mpaka leo. Mimi naona amechoka kulelewa na mashine. Kaka anaona mimi ndiye niliyemtia maneno.

Nimesoma hadithi za Ray Bradbury, yule Mmarekani wa hadithi za kubuni za kisayansi, najua familia zinazokabidhi mapenzi yao kwa mashine zinaishia wapi. Nikiiondoa hadithi, ni kama nimekubali mama aachwe vile. Nikiitoa ichapishwe, nampoteza kaka. Nifanyeje?

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza mwambie mumeo hadithi humsumbua mtu, tena sana. Nilisoma barua yako, nikasoma hadithi, nikairudia barua. Mahali nitakapokuuliza usidhani nakuweka kizimbani. Mimi mwenyewe nina mtoto Sharjah ambaye uso wake nauona zaidi kwenye kioo cha simu kuliko mlangoni kwangu.

Nikikuelewa vizuri, unaona una vitu viwili mkononi na lazima kimoja kianguke: kuusema ukweli kuhusu mama, au kubaki na kaka. Umelipanga jambo hili kwa ustadi wa mtunzi, na ndiyo maana nataka kulipangua kidogo.

Umemtaja Bradbury. Nadhani unayoifikiria zaidi ni The Veldt, ya mwaka 1950: baba na mama wananunua nyumba inayopika, inayovisha watoto na kuwabembeleza walale, yenye chumba ambacho kuta zake huonyesha lolote watoto wanaloliwaza. Watoto wanawaza nyika ya Afrika, jua kali, tai angani, simba wakila kitu kwa mbali. Siwezi kuitaja hadithi hii bila kununa. Mmarekani alipotafuta picha ya kutisha ya kubandika ukutani, akachukua kwetu. Ninyi wa Morogoro mnapita mbuga ya Mikumi na basi mkitafuna mahindi. Lakini ni hadithi kali, siikatai. Mama wa nyumba ile analalamika kwamba nyumba imekuwa mke, imekuwa mama, imekuwa yaya, na yeye hana tena mahali pake. Baba anapoamua kuizima yote kwa mara moja, watoto wanawafungia wazazi chumbani pamoja na simba.

Sasa angalia. Watu wale walikuwa wanalala chini ya paa moja. Hakuna aliyewatenga isipokuwa kile walichokinunua. Kwenu, umbali ulitangulia mashine. Kaka yako alikuwa Muscat miaka mingi kabla ya kamera ya kwanza, na alikwenda kwa sababu zile zile zinazowapeleka vijana wa Tanga huko tangu mimi sijaolewa. Nakumbuka mtaani kwetu jirani alikuwa akipokea kaseti kutoka Dubai. Mwanawe alirekodi pande zote mbili, salamu, vicheko, hata adhana ya huko. Mama yule aliisikiliza mpaka utepe ukaliwa, na alikuwa akiijibu. "Wewe mwongo wewe," aliiambia redio kaseti, tukacheka watoto wote tuliokaa mkekani. Hakuna aliyesema mwanawe amegeuka mashine. Tulisema anamkumbuka mama yake.

Sitaki kusema kwamba kaseti na kifaa cha kaka yako ni kitu kimoja. Si kimoja. Kaseti ilipokuja ulijua mtu ameketi akairekodi wiki chache zilizopita, kwa ajili yako. Sauti ya saa 2 ilirekodiwa mara moja na haimgharimu tena aliyeirekodi. Hapo umeona kitu cha kweli, na uchungu wako juu ya simu zilizokatika naukubali. "Nimemwona, hajambo" ni maneno ya kuogopesha kuliko simba wa Bradbury. Ninachokuomba uangalie ni kama uchungu huo unamhusu kaka peke yake.

Kwa sababu nimemtafuta binti katika hadithi yako, sikumpata. Kuna mama, kuna kijana, kuna mgodi, kuna nyumba. Katika maisha mlikuwa watatu. Kwenda Mwezini umempeleka mmoja tu.

Halafu nirudi kwenye usiku ule. Maneno ya mama, "Na wewe umekula?", yamo kwenye hadithi neno kwa neno, hata ule ukimya, hata "Haya". Ni sehemu nzuri kuliko zote. Uliyapata wapi, mwanangu?

Uliyapata kwenye kamera ya kaka yako. Yeye aliweka jicho pale ili mama asikae tena sakafuni mchana kutwa. Wewe ulipitia jicho hilo hilo, usiku, ukachukua neno ambalo mama hakumwambia mtu yeyote, ukaenda nalo mezani. Simu ilikuwa mkononi mwako na umesema mwenyewe hukupiga. Siwezi kukulaani kwa hilo. Anayeandika huchungulia mahali, na wengine huchungulia pabaya zaidi. Ila sasa sikiliza tena zile sekunde 11 za kaka. Huenda amechukia kuambiwa ukweli, kama unavyodhani. Huenda pia amechukia kuambiwa ukweli huo na mtu aliyekuwa ameketi ndani ya mashine ile ile, upande wa pili.

Na mama anajua kwamba kamera ile inasikia? Jiulize hili kabla ya mkataba. Wazee wengi wakiambiwa kamera wanaelewa jicho, hawaelewi sikio. Kama aliyemfikishia habari alimwambia, "Bibi, ameandika mpaka unavyoongea na kile kidude usiku," basi kanga ile huenda haimhusu kaka hata kidogo.

Nikupe hadithi nyingine, kwa sababu najua utaithamini. Mwaka 1909, redio bado haijaingia majumbani, Mwingereza E. M. Forster aliandika The Machine Stops. Watu wamehamia chini ya ardhi, kila mtu peke yake katika chumba kama tundu la sega la nyuki, na kila haja yake analetewa na Mashine kwa kubonyeza kitufe. Kuna mama anayeitwa Vashti, na mwanawe Kuno anaishi upande wa pili wa dunia. Kuno anamwomba mama yake aje waonane. Mama anashangaa: si tunaonana hapa? Kijana anamjibu kwamba anachokiona kwenye kioo ni kitu kinachofanana naye, yeye mwenyewe hamwoni. Chombo cha angani kingemfikisha mama kwa siku mbili tu. Mwanzoni hataki. Ana mihadhara ya kutoa, anafahamiana na maelfu ya watu, na safari inamtia kinyaa. Wanakuja kugusana wakati kila kitu kinaanguka.

Nimeileta kwa sababu moja. Anayeikumbatia Mashine pale ni mama, na anayeumia ni mwana. Forster alimwachia yule mama akili yake, ukaidi wake, na maneno ya kujitetea, hata kama amekosea. Wa kwako umempa nini? Anasubiri. Umeandika, "Mama hajui," ukaweka nukta. Una hakika gani? Mwanamke aliyelea watoto watatu hajui tofauti ya sauti iliyorekodiwa na mtoto wake? Mimi picha ya marehemu mume wangu niliisalimia kila asubuhi mwaka mzima, na nilijua fika haitaitika. Ile "Haya" ya mama yako inaweza kuwa ya mtu aliyechoka kusubiri. Inaweza vilevile kuwa kama "amina" ya mtu aliyemaliza kumwombea mwanawe chakula cha usiku. Mimi siijui ni ipi. Nawe ulikuwa unaiona kwenye kioo cha inchi sita, kutoka Morogoro.

Sasa mkataba. Kuiondoa hadithi kunaonekana ni heshima, na huenda ni heshima kweli. Hatari yake ni kwamba utaondoa na mazungumzo. Kaka atarudi kwenye grupu, picha za dera zitaendelea, nawe utabaki na donge ambalo siku ya Idi litatoka kwa jambo jingine kabisa, kwa mbuzi au kwa nauli. Kuitoa kama ilivyo pia si dhambi. Hadithi ni nzuri, na ukweli wake ni wa watu wengi kuliko familia yenu. Lakini utakuwa umeuchapisha usiku wa mama yako bila idhini yake, na kitabu hakirudi tumboni. Jina la kalamu litakuficha kwa wageni tu, na wageni hawana ugomvi nawe. Kubadilisha Mwezi kuwa Mirihi hakutasaidia kitu. Kaka hakujitambua kwa sababu ya mgodi, alijitambua kwa sababu ya dawa ya presha.

Unaweza kumwandikia mhariri uombe wiki mbili tatu. Wahariri huombwa muda kila siku, na akikataa utakuwa umejua kitu kuhusu mhariri. Unaweza kuiandika upya, binti akiwemo. Hiyo itakugharimu, maana utalazimika kumweka ameshika simu usiku ule, na sijui kama uko tayari kusomwa hivyo na wanafunzi wako. Ila namwona kaka yako akiisoma hiyo kwa jicho jingine.

Kwa kaka, mimi nisingetuma maandishi wala sauti. Nisingempitia wifi pia, si haki kumfanya daraja. Ningempigia saa ambayo zamani alikuwa akimpigia mama, baada ya kazi, na nisingeanza na hadithi. Ningemuuliza siku ile mama alipoanguka yeye alikuwa wapi alipopata habari, na alifanya nini. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza. Anaweza kukukatia simu. Anaweza kukwambia mambo kuhusu miaka kumi na tano ambayo hutapenda kuyasikia, pamoja na nani alikuwa karibu na Tanga na hakwenda. Uwe umejiandaa kwa hayo.

Jambo moja dogo: kwa sasa kile kifaa kiacheni pale mezani. Baba wa Bradbury aliizima nyumba yote kwa hasira, ndipo mambo yakaharibika. Presha haingoji ninyi mpatane.

Na mama kakuomba kitu. Kati ya nyote ninyi, ndiye pekee aliyesema waziwazi anachotaka: "Njoo unisomee." Hakusema usitoe, hakusema toa. Umeahirisha mara tatu, na nadhani unaogopa ile sentensi ya umekula, kwamba ukiifikia sauti itakukatika na yeye atakuuliza uliisikiaje. Ndiyo, atauliza. Anaweza kukasirika. Anaweza kukukataza kabisa, na hapo utakuwa na jibu ambalo si mimi wala mhariri anayeweza kulitengua. Anaweza pia kucheka akakwambia hivyo sivyo alivyosema, akakusahihisha. Wamama wa Tanga wana tabia hiyo.

Ichape kwa herufi kubwa. Panda basi la asubuhi, Chalinze, Segera, Muheza, utafika na chai ya jioni. Usimwambie mtu kwenye grupu. Kaa naye mpaka saa 2 usiku, kifaa kiulize swali lake ukiwa chumbani, umsikie anavyokijibu kwa masikio yako.

Halafu kuna ile kanga. Wewe umeisoma kuwa amechoka na mashine, kaka kaisoma kuwa umemtia maneno, na nyote wawili mmeona maua tu, kwa sababu kitambaa kimeigusa kamera. Maandishi ya kanga yako chini, juu tu ya pindo, na upande huo unaangalia chumbani. Mwanamke wa Tanga hatundiki kanga sebuleni bila kujua jina la kanga hiyo linamwelekea nani. Ukifika, isome, kisha uniandikie imesema nini.

Akupokee vizuri, inshallah.

Mama Mshauri